Barafu ya Mzee Kahiga

Kimana,
3 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Mugo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua na vitunguu. Sisi tupo. Mimi ninaumwa na mgongo, lakini mgongo wangu si habari. Vitunguu vimeshika vizuri upande wa mfereji, na upande ule mwingine ndovu walipita wakafanya walivyotaka. Nzembi hajambo? Na mtoto? Baba anauliza kila mara kama mke wake ameota meno. Ndivyo anavyomwita, kwa kuwa mlimpa jina la Mama. Nimemwambia sijui, kwa sababu kweli sijui.

Usishangae kupata karatasi wakati wa simu. Shangazi Waceke amenipigia kutoka Matasia, akasema mimi na wewe tusipigiane tena, maana kila tukimaliza kugombana ni yeye anayepigiwa na kila mmoja wetu akimlalamikia mwenzake. "Andikianeni," akasema. "Mtu hawezi kukukatia barua katikati ya maneno." Nimeona ni shauri zuri. Maweu, yule dereva wa lori la nyanya, atakuletea hii akishusha mzigo sokoni Kitengela. Nawe mpe jibu akirudi.

Jambo lenyewe ni hili. Friji ya lile gari-nyumba anamoishi Baba bado inagandisha, lakini mashine iliyo ndani ya freza, ile inayotengeneza barafu na kuitema yenyewe, imekufa. Maji yanaingia, yanaganda, kisha inanguruma kama mtu anayetaka kukohoa na kunyamaza. Barafu haitoki.

Ungeuliza barafu ni ya nini, lakini hutauliza, kwa hiyo nakuambia. Tangu Baba achomwe miale ya saratani ya koo kule Nairobi, mdomo wake ni vidonda. Uji hauingii mpaka kwanza amumunye barafu koo lipoe. Bila barafu hali, na amekonda. Nimejaribu kugandisha maji kwenye vikombe. Linatoka jiwe, nalivunja kwa nyundo, na ncha zake zinamkata ulimi. Ile ya mashine ni vipande vidogo kama ganda la chungwa, vinateleza. Ya baa za Kimana inafika ikiwa maji, tena maji ya chumvi.

Wewe ni fundi wa friji na mimi ni mkulima wa vitunguu. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Mwihaki


Kitengela,
21 Machi 2025

Dada Mwihaki,

Salamu. Maweu alinipata dukani na barua yako imekaa kidogo kwa sababu alikuwa hana safari ya kurudi. Sisi tu wazima. Nzembi anakusalimu sana. Mtoto ana meno manne na anauma nayo watu na viti. Huku vumbi la lori za mawe limetuzidi, na mwenye nyumba amepaka jengo rangi ya zambarau bila kuuliza mtu.

Kuhusu friji. Kulingana na maelezo yako, gia ya plastiki ndani ya mota imekwisha meno. Haitengenezwi. Inabadilishwa asembli yote, yaani trei, mota na vile vidole vya kusukuma barafu, vyote pamoja. Nimepata moja kwenye friji ya mtumba iliyotoka ng'ambo, nimeijaribu hapa kwenye meza, inazunguka. Imo ndani ya boksi hili, kwenye magazeti.

Fanya hivi, na usiruke hata moja. Zima gesi na uchomoe betri. Funga ule mfereji mdogo wa maji nyuma ya gari. Toa chombo cha kupokelea barafu. Utaona skrubu mbili juu na moja chini, zilegeze huku umeishika asembli kwa mkono mwingine, maana itakuangukia. Chomoa plagi ya waya kwa kushika plagi, si kwa kuvuta waya. Ule mfuniko mweupe unaopokea maji uhamishe kutoka kwa ile ya zamani uuweke kwa hii, kwa sababu hii haikuja nao. Kisha rudisha kila kitu kinyume chake. Kuna mkono wa waya wa chuma ubavuni. Ukiwa juu mashine imelala, ukiwa chini inafanya kazi. Watu wengi hubadilisha kila kitu na kusahau kuushusha, halafu wanamtukana fundi. Barafu ya kwanza imwage, ina ladha ya plastiki.

Mgonjwa asipewe hiyo ya kwanza.

Ndugu yako,
Mugo


Kimana,
14 Aprili 2025

Kwa Mugo,

Salamu kwako, kwa Nzembi, na kwa huyo anayeuma viti. Nilimwambia Baba kuhusu meno manne akacheka, na kucheka kunamuumiza, kwa hiyo akaacha. Mvua imefika. Barabara ya kuingia shambani ni ya kuomba Mungu, na Maweu aliacha boksi lako kwa Lesiamon, jirani yetu mwenye trekta, likakaa huko mpaka maji yalipopungua.

Nimefunga asembli mwenyewe. Nimefuata kila neno, hata lile la kushika plagi. Iliniangukia kama ulivyosema, lakini niliidaka. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake dirishani akiniangalia na kunielekeza kwa kidole. Sauti yake sasa ni mnong'ono, lazima uweke sikio karibu na mdomo na uwe umezoea. Mimi nimezoea. Alisema hivi: "Aliyepaki hii kitu kwa boksi anajua kazi." Sikumwambia ni nani, naye hakuuliza. Sote wawili tulijua.

Ya kwanza nilimwaga. Ya pili na ya tatu zilikuwa nzuri, Baba akala uji siku mbili mfululizo, nikafikiri nikuandikie nikusifu. Kisha maji yakaanza kumwagikia upande mmoja wa trei. Yanashuka chini, yanaganda kwenye chombo, na kila asubuhi ninakuta donge moja kubwa limeshikana na ule mkono wa chuma. Mashine inasimama. Ninalivunja kwa nyundo, na tumerudi tulipokuwa.

Je, umenitumia mbovu?

Mwihaki


Kitengela,
5 Mei 2025

Dada,

Salamu. Huku mvua imeingia mpaka dukani, nimeinua friji za wateja juu ya matofali. Nzembi alikuwa na homa, sasa amepona. Shangazi Waceke alikuja kututembelea na akala chapati zote.

Sikutuma mbovu. Sitoi kazi mbovu, na mtu yeyote hapo nyumbani anayejua ufundi angekuambia hivyo.

Shida si mashine, ni gari. Weka sahani bapa ndani ya freza, mimina maji kidogo uone yanakimbilia wapi. Trei ile inataka kukaa sawa kama meza. Gari likiinama, maji yanajaa upande mmoja na kumwagika. Ninakumbuka upande wa kushoto wa lile gari ulikuwa juu ya vipande vya mbao. Nenda ukaangalie. Kama ninaujua udongo wa Kimana, mchwa wamezila.

Usijaribu kuinua kwa jeki. Ardhi ikiwa na maji jeki inazama na gari linakulalia. Kuna ile sakafu ya saruji kando ya tangi, ni sawa kabisa, na si mbali. Gari lisogezwe pale. Lazima betri ya injini imelala kwa kukaa, kwa hiyo namtuma Kivuva, fundi wa magari ninayemwamini. Atakuja na lori la Maweu safari ijayo, atawasha injini, atalipeleka juu ya saruji na kuondoka. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mugo


Kimana,
22 Mei 2025

Mugo,

Salamu kwa wote, na pole kwa Nzembi. Nyanya zimeharibiwa na mvua, kwa hiyo lori halina haraka na barua pia.

Ni mchwa, ulivyosema. Mbao zimebaki unga. Lakini gari halitasogezwa. Nilipomwambia Baba kwamba unamtuma fundi wa magari, alikasirika mpaka akatapika damu kidogo. Amesema hakuna mtu atakayefungua boneti ya gari lake akiwa hai. Nimemrudisha Kivuva na mkungu wa ndizi, kijana mpole, usimlaumu.

Tafuta njia nyingine ambayo gari linabaki lilipo. Usiniulize kwa nini.

Mwihaki


Kitengela,
16 Juni 2025

Kwa Dada Mwihaki,

Salamu zangu ni fupi. Tu wazima. Mtoto anatembea.

Njia nyingine haipo. Maji hayamwogopi mzee, yanafuata mteremko. Nimekuandikia kama fundi tangu Machi, na nilitaka iwe hivyo hadi mwisho, lakini sasa unaniambia nisiulize, basi sitauliza. Nitasema.

Desemba ile, tulipokwenda kwa kina Nzembi kule Machakos kupeleka mbuzi wa ntheo, ni Baba mwenyewe aliyesema mbuzi watatoka Kimana, majike wawili na beberu, kwa sababu mbuzi wa Kimana ndio mbuzi. Unajua Wakamba. Bila mbuzi hao watatu msichana hajaolewa, hata akizaa kumi. Mume wa Shangazi akasema atampitia na gari lake. Baba akamcheka mbele ya watu wote, akasema gari-nyumba lake linaweza kufika Misri, atatupita njiani na kutupungia mkono. Tulifika kwa Mzee Ndolo, baba yake Nzembi, asubuhi. Tukakaa. Mimi kwa desturi sifungui mdomo siku hiyo, anayesema ni baba. Wazee wa upande wa pili wakauliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, "Baba wa kijana yuko wapi?" Simu yake imezimwa. Mwishowe mume wa Shangazi akakimbia sokoni akanunua mbuzi waliokuwepo, mmoja akiwa kilema, na akasema maneno ya baba ilhali si baba. Nzembi alikuwa nyuma ya pazia akisikia wazee wake wakicheka.

Nilipompigia kesho yake nikamuuliza kwa nini, alinijibu maneno mawili. "Sikuona haja." Ndiyo hayo tu. Hajawahi kuongeza neno, na hajawahi kumtolea Nzembi salamu kwa jina. Nilifikiri labda ni ukabila. Nilifikiri labda mimi ni mtoto asiyehitajika. Nimechoka kufikiri.

Kwa hiyo asipotaka gari lake lisogezwe, na akae nalo. Ninaumia kuandika hivi, lakini ndivyo.

Mugo


Kimana,
9 Julai 2025

Ndugu yangu,

Nimesoma barua yako peke yangu, karibu na mfereji. Sikumsomea.

Sina salamu za kupamba leo. Tulimpeleka hospitali juma lililopita na madaktari wamesema hawatamchoma tena. Wamesema turudi nyumbani, ale anachoweza, asiumie. Anachoweza ni uji baada ya barafu, na barafu haipo isipokuwa hii ya nyundo. Jana alikunywa vijiko viwili akasukuma bakuli. Sasa unajua yote ninayoweza kukuambia. Lile jingine niliapishwa, na mimi nikiapa nimeapa. Si kwamba sitaki.

Nimekuwa huku tangu mwaka jana. Mgongo wangu sasa umekuwa habari. Nina hasira na Baba, nina hasira na wewe, na nikimgeuza kitandani ninaogopa kwamba hasira hiyo itaingia mikononi. Ninahitaji kulala kwenye nyumba yenye ukuta na kuamka bila kuitwa.

Njoo usawazishe gari mwenyewe. Hutaki kumwona, sawa, liangalie gari. Mimi nitakuja kukaa Kitengela, nitafungua duka na kuandika majina ya wateja, na nitamsaidia Nzembi na mtoto. Barua tutaendelea kuandikiana, tukibadilishana tu mahali.

Usiponijibu nitajua.

Mwihaki


Kimana,
4 Agosti 2025

Dada Mwihaki,

Natumai umelala. Nzembi ameniambia kwa simu kwamba siku ya kwanza hukuamka mpaka saa sita mchana, na kwamba mtoto alikuja kukutazama mara kadhaa kama ungali hai. Vitunguu vyako niko navyo. Ndovu hawajarudi.

Nilipofika hapa Baba alinitazama kutoka dirishani, kisha akatazama begi la spana. Nilimsalimu. Akasema kitu. Sikusikia. Nikasogea, akasema tena, nikamletea maji. Si maji. Nikamletea blanketi. Si blanketi. Mwishowe akageukia ukuta. Ndivyo tunavyoishi, anasema na mimi ninakisia. Wewe unayajua haya, mimi sikuwa nimejua kazi uliyokuwa ukifanya.

Siku ya pili alipolala nilifungua boneti. Najua alikataza. Sikuweza kuvuta gari bila kujua kama breki zimeshika. Mwihaki, ubavu wa injini una tundu la ngumi kupita. Imepasuka kutoka ndani. Injini haifi hivyo gari likiwa limeegeshwa. Inakufa hivyo njiani, ikikimbizwa.

Nilienda kwa Lesiamon kuomba trekta. Alinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa", nikamjibu, tukaulizana ng'ombe, mvua, watoto, mpaka ya kuulizana yakaisha. Nikamuuliza kama anajua lile gari lilikufa wapi. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Hii gari mimi ndio nilivuta na hii trekta," akasema. "Kutoka karibu Emali. Hiyo Disemba. Nilipata mzee ameketi kwa ngazi ya gari, amevaa suti, tai iko hapa. Mbuzi tatu ziko ndani, amefunga kwa mguu ya meza. Nikamwambia, Mzee Kahiga, panda pikipiki uende, mimi nibaki na mbuzi. Akakataa. Akasema aliambia watu hii gari inafika Misri, sasa ataingia kwa watu na pikipiki kama mtu ya kuuza mayai? Akaniambia, Lesiamon, hii maneno isitoke kwa mdomo yako."

"Na mbuzi?" nikamuuliza.

"Mbuzi ziko kwangu. Alisema hawezi kula, hawezi kuuza, ni za watu. Zimezaa, zimezaa tena. Kuja uone."

Nimewaona. Ni kundi. Wote wamekatwa sikio alama moja, na Lesiamon anawalisha pamoja na wake.

Basi ndiyo hiyo "haja" asiyoiona. Fundi mzima, aliona heri mwanawe aamini hapendwi kuliko watu waseme gari lake lilimzimikia. Nilirudi nikitembea polepole kwa sababu nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, na yote mawili hayafai kwa mgonjwa. Siku hiyo sikumwambia kitu. Nilifanya kazi. Lesiamon alivuta gari hadi juu ya saruji, na Baba, alipoona boneti imefungwa, akaacha livutwe; nikaweka mawe chini ya magurudumu, pimamaji ndani ya freza, nikaongeza bati jembamba upande wa kushoto mpaka kiputo chake kikatulia katikati. Nikafuta barafu iliyoshikana, nikarudisha chombo, nikaushusha mkono wa chuma. Kesho yake asubuhi vipande vilikuwa vimejaa, vimeachana vizuri. Baba alimumunya vitano na akamaliza bakuli.

Ulijua?

Mugo


Kitengela,
18 Agosti 2025

Mugo,

Salamu kutoka dukani kwako. Mteja wa friji ya bluu alikuja mara tatu, nimemwambia fundi yuko safari ya mbali. Mtoto amenizoea na ananiuma. Nzembi ananipikia muthokoi wa mahindi na maharagwe mpaka nguo zimebana.

Ndiyo, nilijua. Lesiamon aliniambia mwaka jana, na Baba alipogundua akaniapisha juu ya kaburi la Mama. Nilikuandikia yote ila hilo, na kila mara uliponiambia gari lisogezwe nilikuwa na jibu mdomoni.

Nilimwuliza Nzembi siku ile ilikuwaje nyuma ya pazia. Alinieleza huku akichambua mahindi, bila kuinua macho. Sasa ninaielewa barua yako ya Juni. Bado hajui habari za Emali. Si mimi wa kumwambia.

Mwambie Baba unajua. Muda si wake tena kuupoteza.

Mwihaki


Kimana,
1 Septemba 2025

Dada yangu,

Salamu. Baba anakula mara mbili kwa siku, lakini usijidanganye, mwili hauongezeki. Nesi anasema ni barafu inayomshikilia, na uji, na ukaidi.

Nilimwambia. Sikuzunguka. Nilisema, "Baba, nimeona injini, na nimeona mbuzi." Alifumba macho. Kisha akasema kitu, na kwa mara ya kwanza nikasikia, kwa sababu kilikuwa neno moja. "Emali." Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka barafu ikayeyuka kwenye bakuli.

Sasa anataka kwenda. Ameandika kwa kidole kwenye blanketi, Machakos, na kuelekeza kwa Lesiamon. Nimempigia Mzee Ndolo nikamwambia tu kwamba baba yangu anaomba kuja na mbuzi wake. Akasema, "Mbuzi haiozi. Aje." Itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Maweu atatoa lori, tutaweka godoro mbele ya mbuzi. Suti yake ipo kwenye kabati la gari. Imekuwa kubwa kiasi cha kuingia watu wawili, nimeikunja kwa pini.

Lakini kuna shida na ndiyo sababu ya barua hii. Siku hiyo mimi sisemi, desturi ni ile ile. Anayesema ni Baba, na hakuna mtu atakayemsikia. Mume wa Shangazi amekataa kusimama mara ya pili, na simlaumu. Mimi mwenyewe hapa ninakisia blanketi na maji. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeelewa mnong'ono wake. Nilimuuliza Mzee Ndolo kama mwanamke anaweza kuketi kando ya baba yake na kuyasema maneno yake mbele ya wazee. Alisema hajawahi kuona, na kwamba pia hajawahi kuona baba wa kijana anayechelewa miaka karibu mitatu, kwa hiyo aje.

Utakuja?

Ndugu yako,
Mugo


Kitengela,
12 Septemba 2025

Kwa Mugo, na umsomee Baba kwa sauti,

Salamu kwenu nyote wawili. Duka limefungwa vizuri, friji ya bluu imechukuliwa. Nzembi anajua tunakwenda kwao, lakini hajui kwa nini. Anapiga pasi nguo za mtoto kwa sababu ni mara ya kwanza ataonana na babu yake.

Nitakuja. Nitaketi kando yako Baba, nitaweka sikio pale linapokaa, na kila utakalosema nitalisema kwa nguvu ili hata aliye nyuma ya pazia asikie. Sitaongeza, sitapunguza.

Ila nina sharti moja. Neno la kwanza liwe Emali. Sema injini ilipasuka, sema ulikaa kwenye ngazi na suti yako, sema uliona aibu ya pikipiki. Salamu na mbuzi vitafuata. Nimekulinda mwaka mzima kwa kiapo, na nimemtazama mwanao akizeeka kwa sababu ya kiapo hicho. Nakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili nitakuja navyo.

Ukikataa, nitalisema mwenyewe mbele ya Mzee Ndolo na wazee wake wote. Na wewe, Baba, hutakuwa na sauti ya kunikanusha.

Binti yako,
Mwihaki